Daftari la vipimo: namna ya kuandika mbele za Mungu ukiwa na mwili mzito na sonona

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashonea barazani maeneo ya Majengo, na kazi yangu kutwa nzima ni kuzungusha futi kwenye viuno vya watu na kuandika namba. Kifua 42, kiuno 38, hipsi 46, jina la mteja juu, tarehe ya kuchukua chini. Sasa miaka mitatu iliyopita nikafika mahali napima kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, nguo zangu nlikuwa nashona kwa kukadiria tu, madera kwa madera, maana nlikuwa nimeongezeka kilo nyingi kwa muda mfupi afu kuna kitu kilikuwa kimenikalia kifuani sikijui jina, saa tisa usiku niko macho, mchana nasinzia juu ya cherehani, kitambaa cha mtu kinafikisha wiki ya pili sijakikata. Baadae hospitali wakaniambia hiyo ni sonona. Kanisani dada mmoja akaniambia hiyo ni kukosa maombi. Kilichonishika mkono kipindi chote kile, pamoja na dawa, ni lile lile daftari la vipimo, maana usiku mmoja niligeuza nikaanza kuliandika kwa nyuma. Mbele wateja, nyuma mimi na Mungu.

Wadada kadhaa wameniomba niwaeleze nafanyaje, nikaona niandike kabisa kwa ukamilifu kila mtu asome.

Kabla ya yote, kama muda huu unaposoma una mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, weka kalamu chini, usianze na daftari. Mwambie mtu leo hii, mume, dada, jirani, mama mchungaji, yeyote aliye karibu na ambaye hatakuacha peke yako, afu muende hospitali hata kama ni usiku, hapa Moshi Mawenzi na KCMC zote zinapokea. Ukifika sema waziwazi "nina mawazo ya kujiua", usiseme kichwa kinauma. Na hata kama hujafika huko, kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu imekaa wiki mbili au zaidi, kila siku, karibu kutwa nzima, hiyo ni ya kuonwa na daktari. Kuandika na kuomba vinaenda pamoja na hospitali, wala havigombani, Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Haya sasa daftari. Tumia karatasi, usiandikie kwenye simu. Nimejaribu simu, unaandika mistari miwili linaingia jina la mtu, mara kikundi cha harusi michango, mara umeshahamia kuangalia picha za watu waliopungua kilo 20, unafunga simu ukiwa vibaya kuliko ulivyoifungua. Kaunta buku nyembamba inatosha. Litafutie maficho, mi langu linakaa kwenye droo ya cherehani chini ya mabobini na chaki, hakuna mtu ana shida na droo ile. Ukiwa na wasiwasi kwamba mtu atasoma utaandika uongo bila hata kujijua, utaanza kujipamba, na hapo ndo kazi yote imeharibika.

Na hapa ndo kitu kikubwa ninachotaka kusema, hata kama utasahau mengine yote. Sisi wapendwa tumefundishwa kutoa ushuhuda. Ushuhuda una mwisho, nlikuwa naumwa nimepona, nlikuwa sina nimepata, Bwana asifiwe, watu makofi. Sasa ukiwa katikati ya jambo, bado hujapona, bado hujapungua hata gramu, unajikuta huna la kusema kanisani, na ukichukua daftari unataka kuandika vilevile kama umesimama mbele ya usharika, "namshukuru Mungu kwa kila jambo", wakati ndani unalia. Usiandike ushuhuda kabla haujafika. Andika malalamiko. Biblia imejaa malalamiko na Mungu hakuyafuta, yamekaa humo tunayasoma mpaka leo. Zaburi ya 13 inaanza moja kwa moja, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Yani Daudi hakuanza hata na salamu.

Namna ya kuanza ni hii. Fungua Zaburi ya 13, ni fupi, mistari sita tu. Inakili kwa mkono wako mwenyewe neno kwa neno, taratibu. Afu ukurasa wa pili iandike tena ila mahali pa maadui wa Daudi weka mambo yako, na uyataje kwa majina yao. Hapa ndo wengi wanateleza, wanaandika "najisikia vibaya sana leo", sasa hilo neno halina mkono wala mguu, kesho ukisoma hutakumbuka hata ilikuwa nini. Andika kitu kilichotokea, saa ngapi, wapi, nani kasema nini. Ntakuonyesha ya kwangu moja, nimeiruhusu mwenyewe itoke:

"Ee Bwana hata lini ntakuwa naamka saa tisa. Hata lini ntapita mbele ya kioo cha saluni naangalia chini. Leo Mbuyuni mama mmoja kanisalimia kwa kunishika tumbo mbele za watu wa nyanya, kacheka, na mi nikacheka. Umeona? Jana usiku nimekula chapati nne nimesimama jikoni taa imezimwa, na sikuwa na njaa. Naomba usingizi. Naomba kesho nikate kitambaa cha bluu cha yule mwalimu. Hicho tu."

Zaburi ya 13 inaishia na kumwimbia Bwana. Mi siku ile wimbo sikuwa nao, basi nikaacha mistari mitatu mitupu na kuandika tarehe pembeni. Fanya hivo na wewe, usijilazimishe tumaini ambalo halipo, acha nafasi kama fundi anavyoacha kitambaa pembeni ya mshono, siku ikihitajika unaachia. Baada ya wiki kama tatu nikarudi kwenye ile nafasi nikaandika, "kitambaa cha bluu nimekikata, mwalimu kachukua gauni lake, kasema limemkaa". Na kuna siku nafasi itabaki tupu moja kwa moja. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, neno la mwisho ni giza, na bado ni Neno la Mungu. Hiyo zaburi imenifariji kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia.

Muda, dakika 15 zinatosha, weka alamu afu simu igeuze kifudifudi. Kuna mtaalamu wa saikolojia Marekani anaitwa James Pennebaker, mwaka 1986 yeye na mwenzake walichapisha utafiti, wanafunzi wa chuo waliambiwa waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, na wale walioandika tukio pamoja na hisia zao wakawa wanaenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao miezi iliyofuata. Ila mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, na hilo ni kweli hata kwangu, ukimaliza unaweza kulia. Kwa hiyo jambo zito kabisa usiliandike saa tano usiku ukiwa peke yako kitandani, liandike mchana au jioni mapema, na ukimaliza fanya kitu cha mikono, chambua mchicha, osha vyombo, mi huwa napasi. Na kama kuna tukio ambalo kila ukiligusa unatetemeka au akili inakupotea, hilo liache kwa ajili ya mtaalamu, siyo la kuandika peke yako.

Wala sio lazima kila siku. Ukishajiwekea sheria ya kila siku, siku ukiruka inageuka deni, na mtu wa sonona madeni ya kichwani anayo tayari.

Sasa kuhusu mwili wenyewe, hapa ntakaa kidogo maana ndo panapouma.

Kilo zisiingie kwenye daftari hili. Nasema hivo nikiwa mtu wa namba. Uzito wa mtu unaweza kupanda na kushuka kilo moja mpaka mbili ndani ya siku moja kwa sababu ya maji, chumvi, hedhi, chakula ambacho bado kiko tumboni, kwa hiyo ukijipima kila asubuhi unafurahi na kulia kwa ajili ya maji tu. Kama daktari anataka uzito wako waachie kliniki waandike kwenye kadi yao. Kwako andika mwili ulifanya nini, "leo nimepanda kwa miguu kutoka stendi mpaka nyumbani sijasimama", "leo nimembeba mtoto wa dada mpaka kalala", vitu hivo. Na ukila usiku kama mimi na zile chapati, usiandike chakula na hesabu zake, andika kilichotangulia nusu saa kabla. Mi niligundua kwenye daftari kwamba mara nyingi ilikuwa ni siku mteja kanigombeza, au siku sijaongea na mtu yeyote tangu mchana. Jikoni nlikuwa nafuata kitu kingine kabisa.

Halafu hawa ndugu zetu. Huku kwetu maneno yanakupiga pande zote mbili, ukinenepa wanakwambia "una afya, ndoa imekukubali" kesho yake "aisee umekuwa bonge", ukipungua wanaanza kunong'ona unaumwa nini. Desemba ndo balaa, ukoo mzima unapanda migombani, Dar, Arusha, Mwanza, wote wamerudi, na kabla hujashusha begi shangazi ameshautangaza mwili wako. Mi sasa naandika jibu kabla ya safari. Kweli naandika kabisa, sentensi moja, naifanyia mazoezi ndani ya hiace njia nzima. Mwaka jana ilikuwa "Shangazi nimefika salama, nipe mkono kwanza, habari za hapa?" Basi. Ina heshima, salamu imo, na mazungumzo yanageuka. Usiende na jibu la kuumiza, utajuta sikukuu nzima, na usiende mikono mitupu pia, maana utacheka tu kama nilivyocheka Mbuyuni afu unalia mwezi mzima.

Kuna mstari watu wanautumia kutuchapa nao, nataka uusome mwenyewe. Ule wa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6. Soma kuanzia juu, Paulo pale anaongelea zinaa, wala hakuwa anapima kiuno cha mtu. Kuutunza mwili ni vizuri sana, ila ule mstari haukuandikwa ili ukufanye uone aibu kukaa kiti cha mbele kanisani. Jambo lingine ni kufunga. Kwaresma ikifika kuna wadada wanafunga ili wapungue, wanaita maombi. Mi nakuomba kama uko kwenye sonona, au una ile tabia ya kujinyima afu usiku kula mpaka kuumia, usifunge chakula, funga kitu kingine, na kama unatumia dawa muulize daktari kwanza. Mungu hana haja ya njaa yako kwa kipindi hiki.

Nasema hivo kwa sababu ya Eliya. 1 Wafalme 19, mtu wa Mungu ametoka kushusha moto Karmeli, anakimbia jangwani, anakaa chini ya mti anaomba afe, anasema yatosha. Sasa angalia Mungu alimfanyia nini kwanza. Hakumhubiria, hakumuuliza imani yako iko wapi. Eliya alilala. Malaika akamgusa, kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mazungumzo yalikuja baadae kabisa huko Horebu. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote jiulize umekula leo? umelala? Kama bado, mtori kwanza, daftari litasubiri. Usiku wa Juni na Julai hapa Moshi baridi ikishika na jua halionekani wiki nzima, mi kuna siku naandika mstari mmoja tu, "nimekula, nimelala", na nahesabu ni ukurasa kamili.

Siku nzuri ukizipata, zitumie kuweka akiba, kama vikoba tu. Siku ambayo kichwa ni chepesi jiandikie barua wewe wa siku mbaya, uiandike kama unamwandikia mdogo wako. Weka vitu ambavyo sonona inakudanganya kwamba havipo, nani alikupigia simu, wimbo gani wa kwaya ulikufanya usimame, umemaliza nini kwa mikono yako. Mi nakata makaratasi ya bahasha za patani nilizokwisha kutumia, naandika mstari mmoja kila moja, nachomeka kwenye kopo la vifungo. Siku mbaya nikitafuta kifungo nakutana na mwandiko wangu mwenyewe. Karatasi moja imeandikwa Zaburi 56, "uyatie machozi yangu katika chupa yako", na chini nimeandika "hata ya jikoni".

Kuna siku mkono utakataa kabisa. Kalamu nzito. Hapo mkumbuke Yeremia, sura ya 36, yeye alisema na Baruku ndo akaandika. Mwambie mtu akuandikie, mi mpwa wangu wa darasa la sita ameshaniandikia mara mbili, nlimwambia maneno mepesi tu, hayo mazito sikumbebesha mtoto. Na ile sura ina kitu kingine, mfalme alilikata lile gombo kwa kisu akalichoma motoni, Yeremia akasema yote upya na Baruku akaandika tena na maneno mengine mengi yakaongezwa. Nimewahi kuchana kurasa zangu saba kwa hasira nikazitia jiko la mkaa. Niliandika tena.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumsomea, mmoja tu. Sio lazima awe kiongozi wa kanisa, angalia nani akisikia siri ya mtu mwingine haileti kwako, huyo ndo anafaa. Msomee ukurasa mmoja, umwambie mapema, "sitaki ushauri, nataka usikie afu tuombe". Akianza kukuambia dayati ya tangawizi na limao mshukuru na usimsomee tena, bila ugomvi.

Na la hospitali nimalizie, maana daftari lilinisaidia huko kuliko nlivyotegemea. Ukiwa mbele ya daktari dakika ni chache na sonona inakufunga mdomo, unaulizwa unajisikiaje unajibu "kawaida". Kwa hiyo kabla ya kwenda kusanya ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari: nimeanza kuamka usiku tangu lini, hamu ya kula imepanda au imeshuka, nini nlikuwa napenda na sasa sikipendi, dawa gani natumia ikiwemo za uzazi wa mpango. Mi nlimsomea daktari vilevile kama ilivyo, sauti inatetemeka, akasikiliza mpaka mwisho. Uliza kama unahitaji kupimwa tezi ya shingo na wingi wa damu, maana tezi ikifanya kazi chini ya kiwango inaleta uchovu, huzuni na uzito kwa pamoja, na hiyo ina matibabu yake. Ukipewa dawa ya sonona jua inachukua wiki kadhaa kuonyesha matunda, na baadhi yake zinaweza kuongeza uzito, kwa hiyo ukiona mabadiliko mrudie daktari mjadiliane kubadilisha, usiache mwenyewe ghafla. Hata kama umeombewa. Hasa kama umeombewa na unajisikia vizuri, nenda kamwambie na daktari ndo apunguze yeye.

Daftari langu la kwanza mwaka jana kurasa za mbele na za nyuma zilikutana katikati. Upande wa kushoto vipimo vya bibi harusi mmoja wa Kibosho, upande wa kulia maombi yangu, na pakabaki ukurasa mmoja mtupu. Nikafunga mlango, nikachukua futi nikajipima mwenyewe, kifua, kiuno, hipsi, mabega, urefu, nikaandika jina langu juu na tarehe ya kuchukua chini kama mteja mwingine yeyote. Nlikuwa na kitenge cha kijani kimekaa kabatini tangu sijui lini. Nimeshona gauni la kunikaa, sio dera, lina mkanda kiunoni, na pembeni kulia nikaweka mfuko wa inchi sita kwa nane. Daftari jipya linaingia lote mpaka juu, kalamu inabaki imechungulia kidogo.